Mirathi ya Mizizi na Moshi

Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, kila alichomiliki marehemu ni cha kugawiwa, hata sindano. Hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki huwaendea warithi kwa mafungu yaliyotajwa katika Sura ya An-Nisaa. Mbuzi, kiwanja na pesa zilizo kwenye simu hazisumbui, zinahesabika. Kazi huwa ngumu pale marehemu anapokuwa bibi wa Kisomali aliyezaliwa malishoni, akahama na ngamia sehemu kubwa ya umri wake, kisha akaja kumalizia maisha Garissa mjini. Chumbani mwake hubaki vitu ambavyo wajukuu hawajui vilifanya kazi gani, seuze kuvitia bei.

Ayeyo wetu, ndivyo Wasomali tunavyomwita bibi, alikuwa wa namna hiyo. Alizikwa siku ileile aliyofariki, kama ilivyo ada: wanawake wa mtaa wakamwosha na kumvisha sanda, wanaume wakamswalia na kumpeleka makaburini kabla jua halijatua. Siku za tanzia zilipokwisha na sufuria kubwa za chai zikarudishwa kwa wenyewe, shangazi yangu alilivuta sanduku la bati hadi katikati ya chumba, akatuita sote. Nguo hazikutuchelewesha. Madera na mitandio iliyokuwa mizima ilitengwa itolewe sadaka. Msala na tasbihi alichukua binti mkubwa, na hakuna aliyenung'unika. Chetezo cha udongo hakikuguswa, maana ubani ulikuwa ungali unafuka ndani yake. Vikabaki vitu vinne: chombo cha maziwa, mkeka mmoja mkubwa wa kuezekea, furushi la kamba, na shazia la chuma lenye mpini wa mti.

Vinne ni vichache, lakini sababu si ufukara. Mfugaji anayehama hupimia kila kitu mgongo wa ngamia. Kisichobebeka huachwa, kisicho na kazi hakibebwi, na chenye kazi moja tu hutazamwa kwa jicho baya. Mwanamke aliyehama tangu utotoni ameshapembua mali yake mara nyingi kuliko warithi wake watakavyowahi kuipembua. Tulichokikuta sandukuni ni kile kilichobaki kwenye chekeche hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani achukue nini, ilitubidi tuulize kila kitu kilitengenezwaje na kwa nini kiliponea safari zote hizo.

Tuanze na chombo cha maziwa. Wasomali hukiita dhiil, na ndugu yake mkubwa, wa maji au maziwa mengi, ni haan. Cha ayeyo kina kimo cha dhiraa moja: kitako chembamba, tumbo lililotuna kidogo, shingo iliyobana, na kifuniko kirefu ambacho ukikigeuza ni kikombe. Ni cheusi, kinang'aa, na ukikigonga kwa kucha kinatoa mlio mkavu wa mti. Mgeni hudhani kimechongwa. Kisogeze dirishani, mwanga ukipige ubavuni, ndipo utakapoona kwamba hakuna gogo lolote hapo. Ni mishono mitupu, safu juu ya safu, inazunguka kutoka kitovu cha kitako hadi mdomoni, na imebanana kiasi kwamba ncha ya sindano haipati pa kuingia. Chombo kizima kimesukwa kwa mizizi, na hubeba maziwa bila kutona.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kazi huanzia ardhini, baada ya mvua za gu, yaani masika, kulainisha udongo, wanawake wanapotoka kuchimba mizizi ya mimea ya miiba ya jamii ya Asparagus. Mizizi inayofaa ni mirefu, myembamba na isiyo na vifundo. Huambuliwa ganda, hupasuliwa kwa kucha na meno, kisha huparwa mpaka nyuzi zote zilingane unene. Hapo ndipo fundi na mwanagenzi wanapoachana. Uzi mwembamba kuliko wenzake utakatika ukivutwa, na uzi mnene utaacha upenyo pembeni yake, na upenyo mmoja unatosha kuharibu maziwa ya asubuhi nzima. Kwa hiyo nusu ya ubora wa chombo huamuliwa kabla mshono wa kwanza haujapigwa, na mtu anayechagua mizizi kwa pupa hataokolewa na mkono mwepesi.

Kusuka kwenyewe, ukisimuliwa, ni jambo la sentensi moja: fungu la nyuzi huzungushwa kuwa duara, na uzi mwingine huliviringa huku ukiliunganisha na safu iliyo chini yake. Ukilifanya, ni jambo la wiki nyingi. Kila mshono unadai shazia litoboe safu ya chini, lichomolewe, uzi uliolowana upenyezwe kabla tundu halijajifunga, uvutwe, ulazwe, ubanwe kwa kidole gumba. Kisha mwingine. Hakuna kalibu wala mchoro. Tumbo la chombo hupanuka kwa kuongezewa mishono katika safu, na shingo hubana kwa kupunguziwa, na anayejua ni wapi pa kuongeza na wapi pa kupunguza ni jicho la msukaji peke yake. Akikosea kwenye safu ya kumi, kosa litaonekana kwenye ya thelathini, wakati chombo kimekwisha kuinama upande mmoja.

Ndani ya sanduku, chini ya kamba, palikuwa na kipande cha kifuniko kilichoanzwa kikaachwa, uzi wa mwisho ukining'inia mkavu. Shangazi alikitumbukiza kwenye bakuli la maji, akasubiri mpaka nyuzi zikalegea, akanipa pamoja na shazia. Nilitoboa, nikapenyeza, nikavuta kuelekea kwangu. Akanishika mkono. "Eddo," aliniambia, maana kwetu shangazi na mtoto wa nduguye huitana jina moja, "usivute kwenda juu, utauchana mshono wa chini. Vuta kule kazi inakoelekea." Nikavuta kuifuata safu, na uzi ukalala mahali pake bila kubishana. Ndani ya maneno hayo machache kuna elimu nzima ya nguvu: mshono unaovutwa kwa kuifuata safu huigawia mishono jirani mzigo wake, na unaovutwa kwenda juu huubebesha mmoja tu.

Kisha akakipindua kile chombo kikubwa, akapitisha kidole kutoka kitakoni kwenda juu, taratibu, mpaka kikasimama katikati ya tumbo. "Hapa," akasema, "mkono umebadilika." Nilitazama nisione kitu. Akanionyesha tena: safu za chini zina mishono mifupi inayolala kidogo kushoto, za juu zina mishono mirefu kidogo inayosimama wima. Ya chini ni kazi ya mama yake ayeyo, aliyekianza kwa ajili ya arusi ya binti yake. Ya juu ni kazi ya ayeyo mwenyewe, aliyekimalizia akiwa mke wa mtu. Shingoni pana ufa uliozibwa kwa kiraka cha ngozi ya mbuzi, kimeshonwa kwa mkono ambao shangazi hakuutambua. Kwenye mkanda wa kukitundikia zimebaki kauri chache kati ya zilizokuwapo, nazo zilitoka Bahari ya Hindi zikafika bara kwa mikono ya wafanyabiashara. Ayeyo hakuwahi kuiona bahari.

Lakini mizizi iliyosukwa, hata ikibanwa vipi, haitoshi. Kinachomalizia kazi ni mafuta ya maziwa yenyewe na moshi. Kila mara kabla ya kukamua, mwanamke huchukua kijinga cha mti aliouchagua, kikiwa kimewaka na kuwa kaa, akakitia ndani ya chombo, akakizungusha na kukitikisa kigonge kila upande, akafunika. Baada ya muda hukitoa, akasugua majivu kwa kijibrashi kigumu cha nyuzi, akakung'uta, na chombo kiko tayari. Si kila mti unafaa. Uko unaotia uchungu, uko unaonuka, uko unaotoa makaa yanayosambaratika. Kila jamii ina miti yake ya kufukizia, na wazee wakionja maziwa huweza kukutajia ni mti gani uliotumika.

Waliokuja baadaye na vipimo vya maabara hawakuupinga ujuzi huo. Joto la kaa huua vijidudu vilivyojificha kwenye mishono, na kemikali zilizo katika moshi huzuia vingine visizaane upesi, kwa hiyo maziwa huchelewa kuharibika. Garissa, ambako jua la mchana hupita nyuzi 35 kwa urahisi na jokofu ni la wachache, kuchelewa huko kwa saa kadhaa ndiko tofauti ya maziwa ya kunywa na maziwa ya kumwaga. Maziwa ya ngamia yakiachwa yachachuke ndani ya chombo kilichofukizwa huwa susa, na susa nzuri ina ladha ya moshi inayotafutwa mpaka Eastleigh, Nairobi. Kwa hiyo weusi ule unaong'aa ndani ya chombo cha ayeyo si uchafu. Ni matabaka ya moshi na mafuta ya miaka mingi, yaliyojipenyeza katikati ya mishono mpaka mizizi na moshi vikawa kitu kimoja.

Ufundi huu si wa Wasomali peke yao. Waborana na Wagabra wa kaskazini mwa Kenya husuka chombo cha maziwa cha mizizi kiitwacho gorfa, nao hukifukiza. Ni ujuzi wa ukanda mzima wa ngamia, ambako chungu cha udongo hakifai kwa sababu huvunjika njiani, na mti mnene wa kuchonga haupatikani kila mahali. Mizizi iliyosukwa ikianguka kutoka mgongoni mwa mnyama hudunda tu.

Mkeka na kamba vina hadithi moja, kwa sababu vyote viwili ni vipande vya nyumba. Aqal, nyumba ya Kisomali ya kuhama, ni mali ya mwanamke. Mama ya bibi arusi na jamaa zake wa kike humwandalia, naye ndiye anayeisimamisha, kuibomoa na kuipakia. Mifupa yake ni fito na mizizi minene ya migunga iliyopindwa kuwa matao. Ngozi yake ni mikeka ya nyasi na nyuzi za magome, magome ambayo hupondwa au kutafunwa mpaka yalainike. Upande wa nje wa mkeka huachwa na nyuzi ndefu zinazoning'inia, maji ya mvua yateleze juu yake kama kwenye manyoya ya kondoo. Upande wa ndani ni laini, na umetiwa nakshi za rangi kwa ajili ya macho ya aliyelala chini. Mkeka wa ayeyo una pande zote hizo mbili, ingawa wa nje umekatikakatika, na rangi nyekundu ya ndani imefifia ikawa ya kutu.

Mkeka wa namna hii hausukwi na mtu mmoja. Wanawake hukaa safu, mwenye kazi akawapikia, nao wakaimba nyimbo za kazi zinazowapa mikono mwendo mmoja. Siku ya kuhama mkeka huohuo hutandikwa mgongoni mwa ngamia, ukawa matandiko ya kuzuia mzigo usimchubue, na matao ya nyumba hufungwa ubavuni mwake. Wakifika, matandiko hupanda juu kuwa paa. Hakuna kinachosafiri bure. Ndiyo maana nikasema chenye kazi moja tu hakikupendwa.

Mwaka 1995 Mmarekani Labelle Prussin, mwanahistoria wa usanifu majengo, alichapisha kitabu kiitwacho African Nomadic Architecture. Aliwaandika wanawake wa jamii zinazohama, Wagabra na Warendille wakiwemo, kama wasanifu wa makazi yao. Kwa vyuo vikuu hilo lilikuwa jambo la kutetewa kwa kurasa nyingi. Kwa ayeyo lingekuwa swali la ajabu, maana hakuwahi kumwona mwanamume akisimamisha aqal. Miongoni mwa Wagabra, binti anapoolewa sehemu ya nyumba ya mama yake hufunguliwa ikawa mwanzo wa nyumba yake, na nyumba ya mama hupungua kila binti anapoondoka. Huko, kugawa vitu vya bibi huanza bibi akiwa hai, na yeye mwenyewe ndiye anayefungua mafundo.

Mafundo ndiyo yaliyonishangaza kuliko vyote. Furushi la kamba lilikuwa na ncha zilizotunzwa, kila moja imefungwa isifumuke. Shangazi alifunga fundo la tao kwenye mguu wa kitanda, akaniambia nilivute. Nilivuta kwa mikono miwili lisilegee. Akashika ncha fupi, akaivuta mara moja, na kamba yote ikamlegea mkononi. Nyumba inayolazimika kuhimili upepo wa jilaal, msimu wa kiangazi, usiku kucha, kisha ishuke asubuhi kabla jua halijapanda, haiwezi kufungwa kwa fundo la kukatwa kwa kisu. Kamba ikikatwa leo, kesho ni fupi. Kufunga kwa nguvu mtu yeyote anaweza. Fundi ni anayefunga kwa namna ambayo kufungua kumeshafikiriwa.

Kwa nini basi mkeka ulibaki mmoja, na matao hayapo? Historia ya eneo hili inajibu. Wakati wa Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa, mifugo mingi ikapotea, na nyumba zilizotengenezwa kwa ajili ya kuhama zikalazimika kukaa. Ukame umerudi mara kwa mara tangu hapo. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na familia nyingi zilizobaki bila mnyama wa kubeba mzigo zikasogea kwenye vitongoji vya mji. Dadaab nako, ambako kambi za wakimbizi zimekuwapo tangu 1991, umbo la aqal limeendelea kuonekana, matao yaleyale yakiwa yamefunikwa turubai za plastiki badala ya mikeka. Mkono bado ulijua kupinda fito, ila nyasi, ngamia na miezi ya kukaa safu havikuwapo tena.

Chombo cha mizizi nacho kimeondolewa na dumu la plastiki, na si haki kulitukana dumu. Ni jepesi, ni rahisi kununua, na mama anayepeleka maziwa Soko Mugdi kwa gari la alfajiri analihitaji. Lakini dumu huwezi kulitia kijinga cha moto, na shingo yake nyembamba haipitishi mkono wa kuliosha. Walioliona tatizo hilo wameleta makopo ya alumini yenye mdomo mpana, na hayo yanafaa. Tukumbuke tu kwamba sifa hizo mbili, kuingilika na kustahimili moto, chombo cha ayeyo kilikuwa nazo muda wote.

Tukarudi kwenye mgawo. Chombo kiliombwa na watu watatu. Binamu yangu wa Nairobi alitaka kukiweka kwenye kabati la vyombo sebuleni. Amu aliye Minneapolis, akiwa kwenye simu ya video, alitaka atumiwe, awaonyeshe watoto wake. Shangazi mdogo, anayekaa upande wa Balambala na ana ngamia wachache wanaokamuliwa, hakuomba kwa sauti. Aliuliza tu kama kinavuja. Shangazi mkubwa akatueleza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Chombo cha mizizi huziba kwa sababu nyuzi hunywa unyevu zikavimba. Kikikaa kikavu kabatini hunywea, mishono huachana, moshi hupukutika, na baada ya miaka michache utakuwa na kapu jeusi lenye nyufa. Kinahitaji maziwa ili kiendelee kuwa chombo cha maziwa.

Sheria inawaruhusu warithi kuridhiana, mmoja akaachia fungu lake katika kitu fulani kwa hiari. Wakaridhiana. Chombo kikaenda Balambala. Amu wa Minneapolis alipewa mkeka, unaostahimili ukavu na unaoweza kutandazwa ukutani kwa upande wake wa nakshi, na binamu wa Nairobi akapata mkanda wa zamani wenye kauri, kwa kuwa chombo kilihitaji mkanda mpya hata hivyo. Kamba zilibaki Garissa, na zimeshafungia mizigo ya watu wawili. Shazia, ambalo sokoni halifikishi bei ya kilo ya sukari, alilichukua shangazi mkubwa pamoja na kile kifuniko ambacho hakijaisha. Alasiri hukaa nalo kibarazani, na wasichana wawili wa jirani hukaa naye, mara wakitazama kazi, mara wakitazama simu.

Wanaopanga vitu vya bibi zao huku kwetu huniuliza wafanyeje na vyombo kama hivi wakivikuta. Nawaambia wasivioshe kwa sabuni ya unga, maana itang'oa matabaka yaliyojengwa kwa miaka. Wasivipake vanishi vikang'aa kwa ajili ya picha. Wakikuta chombo kikavu, wakiloweshe kwa maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, wakipake samli ndani, kisha wamtafute mwanamke anayejua kufukiza akifukize mbele yao, na waulize ni mti gani. Baada ya hapo waulize katika ukoo ni nani bado anakamua. Akiwapo mmoja, hata kama yuko mbali na hata kama hakuomba, huyo apelekewe. Asipokuwapo, watafute mwenye maziwa kwanza, kabati baadaye.